Elimu ya Duarani na Mlango wa Chuo

Mchimbaji mzoefu wa dhahabu wa Nyarugusu, mkoani Geita, kabla hajaruhusu wenzake kushuka kwenye duara, yaani shimo la uchimbaji, hugonga ukuta wa mwamba kwa nyundo na kusikiliza. Mlio mkali humwambia kwamba jiwe limeshikamana. Mlio mzito, wa uvungu, humwambia kwamba limeachia na wakati wowote litashuka. Anajua matimba, yaani magogo ya kuzuia mwamba, yakae wapi na yapishane kiasi gani, na mkanda wa dhahabu ukipotea anajua kama umekwisha au umehama tu. Maarifa haya yote hayampi nafasi chuoni. Ngazi ya chini kabisa ya astashahada inataka ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, na hapo mjadala huishia. Nasema ukuta huu wa vyeti si wa lazima. Tanzania imewahi kuhesabu kazi na utumishi kuwa sehemu ya elimu, na yaliyoharibika katika jaribio hilo yanaweza kurekebishwa.

Tuanze na askari, ambao nao walijifunza kazi nje ya darasa, kwa kuwa kwao deni ni la zamani zaidi. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia wanaume zaidi ya 80,000 wa Tanganyika waliingia jeshini, wakiwamo vijana wa Usukuma. Walipelekwa Ethiopia, Madagascar na Burma. Wengi hawakujua kusoma walipoandikishwa. Jeshini wakafundishwa udereva, umakanika, upokeaji wa simu za upepo, ukarani na uuguzi, na kuanzia mwaka 1942 kulikuwa na kikosi maalumu cha elimu cha majeshi ya Afrika Mashariki. Vita vilipokwisha, Marekani ilikuwa na sheria ya mwaka 1944 ya kuwasomesha askari wake, na baraza la vyuo vyake likatoa mwongozo wa kupima kila kozi ya jeshi ina thamani gani chuoni. Askari wa Tanganyika alirudi kwenye nchi isiyo na chuo kikuu hata kimoja, wakati Makerere ya Uganda ilikuwa ikipokea waliopitia sekondari. Ujuzi uliotosha kuendesha gari la jeshi chini ya mabomu haukumsogeza hatua moja kielimu. Serikali ya kikoloni iliujali ujuzi huo kwa muda ule tu ilipouhitaji.

Baada ya uhuru mambo yalibadilika, na hapa ndipo penye ushahidi ninaoutegemea zaidi. Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) lilianzishwa mwaka 1963. Novemba 1974, Azimio la Musoma likaamua kwamba mhitimu wa kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja: apitie JKT, afanye kazi, kisha apimwe pia kwa mwenendo wake kazini. Milango ikafunguliwa zaidi kwa watu wazima waliokuwa tayari kazini. Ulikuwa uamuzi mzito, maana ulitamka kwamba jembe, bunduki na karakana vinafundisha. Wapo wanaosema jaribio hilo lilishusha kiwango na kuleta upendeleo, na sitawabishia kwamba palikuwa na kasoro. Lakini tuangalie kasoro ilikaa wapi. Barua ya mapendekezo ya mwajiri na chama tawala ilipewa uzito ambao ungestahili kupewa mtihani wa kazi yenyewe. Kilichopimwa kilikuwa sifa ya mtu machoni pa wakubwa wake, na sifa ya namna hiyo hupatikana kwa njia nyingi.

Ukanda wa Geita haukuguswa sana na mjadala huo, ingawa kazi yake ni ya kale. Wajerumani walibaini dhahabu huku mwishoni mwa karne ya 19. Mgodi wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Sheria ya Madini ya 1979 iliwapa Watanzania nafasi ya kumiliki maeneo madogo ya uchimbaji, na miaka ya 1980 ilipoelekea ukingoni, rashi za dhahabu zikafuatana. Fundi mmoja alimfundisha mwingine: kuchimba, kusaga mawe kwenye karasha, kuosha, kuchenjua marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa. Mwaka 2000 mgodi mkubwa wa Geita ulipoanza uzalishaji, ajira zenye mshahara mzuri zilidai vyeti, na waliolijua eneo lile kwa mikono yao wakabaki nje ya uzio.

Hoja nzito dhidi yangu ni usalama. Duara hufundisha pia mazoea mabaya: zebaki huchomwa hewani, matimba hupunguzwa ili kuokoa fedha. Ni kweli, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020 kwa sababu hiyo. Lakini anayejifunza gizani hasahihishwi mpaka apimwe. Baruti ni hatari kuliko zebaki, na bado Sheria ya Baruti ya 1963 imeweka utaratibu wa kumpima mlipuaji na kumpa cheti. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, nayo hurasimisha ujuzi wa maseremala, waashi na mafundi magari: fundi anapimwa kazini, anafundishwa kile alichopungukiwa, anapewa cheti. Tume ya Vyuo Vikuu ina mtihani wa kutambua maarifa ambayo mtu ameyapata kabla ya kujiunga na chuo. Njia zipo, kilichobaki ni kuziunganisha hadi kwenye madini, na cheti atakachopewa mchimbaji kihesabiwe kama sehemu ya masomo yaliyokwisha kufanywa, kisiwe karatasi ya kutundika ukutani.

STAMICO, shirika la madini la taifa, ina kituo cha mfano cha uchenjuaji pale Lwamgasa, jirani na Nyarugusu. VETA na vyuo vinavyofundisha madini wapeleke wapimaji hapo, wakae na wachimbaji karashani na duarani, waandike kila mmoja anajua nini na amepungukiwa nini. Anayestahili aanze chuo kutoka pale alipofika, na asirudishwe mwanzo.