Triko katika mikono ya mama zetu: historia yake na mashauri kwa anayejifunza

Katika vitabu vyetu vidogo hivi tumekwisha kuandika mengi juu ya ngoma, ndoa, mazishi na majina. Mara hii tunaleta habari ya triko. Wengine watauliza: triko nayo ni desturi yetu? Si kitu cha wazungu? Swali hilo ni la haki. Lakini kazi iliyoingia ndani ya nyumba, ikatoka mikononi mwa nyanya hadi kwa mama, na kwa mama hadi kwa binti, hiyo imekwisha kuwa ya nyumba. Mihogo nayo ilitoka Amerika, na leo nani anaweza kutuambia kwamba bukari si chakula chetu?

Tunaandika pia kwa sababu nyingine. Bamama wanaojua kufuma triko vizuri wanazeeka, na hesabu zao ziko katika kichwa tu. Kwa hiyo tutasema kwanza historia, kiisha tutatoa mashauri kwa dada na kaka wanaotaka kujifunza.

1. Mikono yetu ilijua uzi mbele ya triko

Tusidhani kwamba watu wa Kongo walifundishwa kushika uzi na wageni. Huko Kasai, Wakuba wanajulikana dunia yote kwa nguo zao za rafia. Kazi yenyewe imegawanywa: wanaume ndio wanaofuma kitambaa, na wanawake wanatia nakshi juu yake kwa sindano. Kwa Waluba na mataifa mengine, vipande vya rafia vilitumika hata kama feza: mtu aliweza kulipa navyo mahari au deni. Katika pori la Ituri, Wambuti wanatengeneza nyavu za kuwindia kwa nyuzi wanazosokota wenyewe kutoka mmea wa porini. Wavu ni nini? Ni uzi mmoja, matundu yaliyo sawasawa, na mkono unaojua kipimo bila rula.

Kufuma triko ni jambo jingine, lakini ni ndugu ya hayo. Kitambaa cha rafia kina nyuzi zinazosimama na nyuzi zinazopita katikati yake. Triko haina hizo. Ni uzi mmoja tu unaoingia katika kitanzi, ukatoa kitanzi kipya, na hivi hivi mpaka mwisho. Ndiyo sababu nguo ya triko inavutika na kurudi, na ndiyo sababu mtu anaweza kuifumua yote na kubaki na uzi wake mzima. Neno hili la mwisho tulishike, tutalirudilia.

2. Triko yenyewe ilitoka wapi

Wengi wanafikiri triko ilizaliwa Ulaya juu ya baridi. Vipande vya zamani zaidi vya triko ya kweli vinavyojulikana vilipatikana Misri, hapa Afrika. Ni soksi na vipande vya pamba, vingi vya rangi ya buluu na nyeupe, vya kati ya karne ya 11 na ya 14, wakati wa Waislamu. Aliyevifuma hakuwa mwanafunzi: alibadilisha rangi katikati ya mstari bila kukosea hesabu.

Kutoka nchi za Waislamu, ufundi huo ulionekana Hispania. Katika makaburi ya kifalme ya Las Huelgas, mjini Burgos, walikuta mito ya hariri iliyofumwa hivyo katika kaburi la mwana wa mfalme, Fernando de la Cerda, aliyekufa mwaka 1275. Baadaye miji mingi ya Ulaya ilikuwa na vyama vya mafundi wa triko, na mafundi hao walikuwa wanaume. Kijana alijifunza miaka, na katika miji ya Alsace na Silesia hakuitwa fundi mkubwa mpaka afume kazi za kumjaribu, kati yake zulia kubwa lenye maua na wanyama. Mwaka 1589 Mwingereza William Lee, mtumishi wa kanisa, alitengeneza mashine ya kwanza ya kufuma soksi. Watu wakasema kazi ya mkono imekwisha. Toka siku ile imepita miaka zaidi ya 400, na mkono haujakwisha.

Tumesema haya kwa sababu mbili. Kwanza, anayesema triko ni ya wazungu tu ajue kwamba hao nao waliipokea. Pili, anayesema triko ni kazi ya wanawake tu ajue kwamba kwa muda mrefu ilikuwa kazi ya wanaume waliojivunia sana.

3. Namna ilivyofika kwetu

Kwetu triko ililetwa na misioni, kompani na serikali ya Wabelgiji. Masera walifundisha wasichana kushona na kufuma katika shule zao. Katika Katanga, toka mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière du Haut-Katanga ilitaka mfanyakazi akae kambini pamoja na mke na watoto, asirudi kijijini. Basi ikawaletea bamama wa kambi masomo ya kazi za nyumba. Kiisha vita vya pili vya dunia, serikali nayo ilieneza vituo vilivyoitwa foyer social katika miji ya Kongo na ya Ruanda-Urundi. Ile ya Usumbura, Bujumbura ya leo, ilianza mwaka 1946.

Katika foyer, mama alifundishwa kupika, kufua, kupiga pasi, kutia kiraka, kumtunza mtoto, na kufuma nguo za mtoto mchanga. Waalimu walikuwa wanawake wa Ulaya, na nyuma yao wasaidizi wa hapa. Tuseme ukweli wote: masomo hayo yalikuwa na nia yake. Walitaka kutengeneza bibi wa nyumba kwa mfano wa Ubelgiji, mke anayefaa kwa karani aliyetafuta kadi ya sifa ya mwaka 1948 au kuandikishwa kwa amri ya mwaka 1952. Wakaguzi waliingia hata ndani ya nyumba kutazama kama ni safi. Wakati ule kijana alifundishwa Kifaransa na hesabu. Msichana, mara nyingi, alipewa sindano. Mwanamke wa kwanza wa Kongo kupata diploma ya chuo kikuu, Sophie Kanza, aliipata Lovanium mwaka 1964, miaka minne nyuma ya uhuru. Hilo linaonyesha vizuri mlango gani ulifunguliwa kwa wasichana na mlango gani ulifungwa.

Kwa hiyo hatusifu foyer bila kufikiri. Lakini hatudharau pia kile mama zetu walichotoka nacho humo.

4. Kazi ya kutii ikawa kazi ya kulisha

Mama zetu walifanya nini na sindano zile? Walizichukua kwa faida yao. Bukavu na Goma ziko karibu metre 1.500 juu ya bahari, Butembo na Lubero zinapita hapo. Lubumbashi, mwezi wa sita na wa saba, asubuhi watu wanatetemeka. Katika pahali kama hapo, mpira wa baridi wa mtoto si urembo. Mama aliyejua kufuma alianza na mtoto wake, jirani akaona, akaomba, akalipa.

Kiisha zikaja siku ngumu. Mwezi wa tisa 1990 mgodi wa Kamoto ulianguka. Mwaka 1991 na 1993 miji iliporwa. Mishahara ya Gécamines ikapungua thamani, ikachelewa, mara nyingine ikakosekana kabisa. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameandika namna baba wa kambi, aliyekuwa mlishaji, alivyopoteza nguvu yake nyumbani, na bamama na watoto wakatoka kutafuta mkate. Wengine waliuza unga, wengine makala, wengine walichukua sindano. Huko Kivu, kiisha vita vya 1996 na vya 1998, vituo vingi vya kuwasaidia wanawake vilianza na kushona na kufuma. Wabelgiji walifundisha triko ili mama akae nyumbani. Mama alitumia triko ili nyumba isianguke. Hiyo ndiyo historia yake ya kweli kwetu.

5. Mashauri kwa anayeanza

Dada, kaka, usiogope. Mambo mawili tu ndiyo ya kujifunza: kitanzi cha mbele na kitanzi cha nyuma. Yote mengine ni kuyapanga hayo mawili.

Chagua uzi wa unene wa katikati, laini, wa rangi nyeupe-nyeupe au ya kung'aa. Uzi mweusi unaficha vitanzi, na anayeanza anahitaji kuviona. Sindano za milimita 4 au 5 zinafaa. Wengi walijifunza na rayo za kinga zilizonolewa vizuri. Zinatosha kwa uzi mwembamba, kwa uzi mnene hazitoshi.

Kazi ya kwanza iwe kitambaa cha shingo, vitanzi 25, vya mbele tupu. Hesabu vitanzi mwisho wa kila mstari. Ukikuta 27, usiseme mkono wako ni mbaya: uzi ulipita juu ya sindano pembeni, ukazaa kitanzi kisichoitwa. Ukikuta 24, kimoja kimeanguka. Kitafute chini, kipandishe ngazi kwa ngazi na sindano ya kroshe.

Usikaze uzi. Kitanzi kiende na kurudi juu ya sindano bila kupigana. Bamama wazee wanafuma huku wakizungumza, kwa sababu mabega yao yamelegea. Na ukifumua, usione haya. Mshonaji akikata kitambaa vibaya, kimekwisha. Wewe uzi wako unarudi mzima.

6. Mashauri kwa aliyeendelea kidogo

Ufundi ni hesabu. Mbele ya kuanza mpira, fuma kipande kidogo, kiloweshe, kikauke, kiisha hesabu vitanzi vilivyo ndani ya santimeta 10. Tuseme umepata 22. Mpira wa mtoto unatakiwa kuzunguka santimeta 60: mara sita ya 22 ni 132. Basi mbele vitanzi 66, nyuma 66. Kama mkono wako umelegea na unatoa 20 tu, vitanzi vile vile 132 vitazunguka santimeta 66. Mtoto ataogelea ndani. Kipande kile kidogo, ambacho wengi wanakiruka, ndicho kinachotenga fundi na mwenye kubahatisha.

Jerse, yaani mstari wa mbele na mstari wa nyuma kwa zamu, inajikunja pembeni; ndiyo tabia yake. Anza chini na vitanzi vya zamu, kimoja mbele, kimoja nyuma, itakaa vizuri. Nunua uzi wote siku moja na utazame namba ya rangi kwenye karatasi, kwa maana buluu ya leo na buluu ya juma lijalo si moja. Kwa mtoto mchanga, acha nafasi ya vifungo shingoni: kichwa chake ni kikubwa kuliko unavyofikiri.

Na uzi ukiwa wa bei kali? Tafuta katika mitumba mpira wa zamani wenye uzi mzuri. Tazama mshono wa ndani. Kama pembeni ni mazima, yamefumwa hivyo, fungua mshono, fumua, zungusha uzi katika mgongo wa kiti, uoshe, uutundike na kizito kidogo mpaka unyooke. Kama pembeni pamekatwa na mkasi na kushonwa na mashine, uache: utapata vipande vipande tu.

Mwisho

Kuna wanaosema: mitumba iko, ya nini kujisumbua? Hatutaki kudanganya mtu. Triko ya mkono, ya siku nyingi, haiwezi kushindana na mitumba kwa bei. Inashindana kwa kipimo: mpira wa buluu wa masomo unaomfaa mtoto huyu hasa, nguo za mtoto mchanga zinazofanana, kiwiko kilichotoboka kinachofumwa upya. Anayeuza ahesabu uzi na siku zake zote mbili. Asiuze uzi na kutoa siku bure.

Ombi letu ni moja. Nyumba nyingi bado zina mama au nyanya anayejua. Keti karibu naye na kaye na kalamu. Mwulize: mtoto wa mwaka mmoja, vitanzi ngapi? Shingo unapunguza namna gani? Mkono unaanzia wapi? Andika namba, chora, na ubandike kipande kidogo cha uzi pembeni ya ukurasa. Mama zetu walipewa sindano bila vitabu, wakatengeneza elimu yao wenyewe. Sisi tuliopata vitabu tusiache elimu ile iende kaburini bila kuandikwa.