Asili ya Orodha ya Mtahiniwa

Mtu ajitayarishaye kwa mtihani wa shahada ya pili katika fasihi ya Kijerumani hupewa kwanza orodha ya vitabu. Kwa desturi orodha hiyo huanza na Hildebrandslied, shairi lililoandikwa katika karne ya 9, ikapitia Nibelungenlied ya mnamo mwaka wa 1200, ikafika kwa Lessing, Goethe na Schiller, kisha ikateremka mpaka kwa Kafka, Brecht na waandishi waliokuja baada ya vita vya 1939 hadi 1945. Mtahiniwa huipokea kama msafiri apokeavyo ramani, asiulize ni nani aliyeichora. Hukesha usiku akihesabu kurasa zilizobaki na siku zilizobaki, akaona kwamba hesabu mbili hizo hazipatani. Katika haraka hiyo husahau kwa wepesi kwamba orodha yenyewe ina historia, na kwamba historia hiyo ni sehemu ya elimu anayotahiniwa.

Shairi la kwanza katika orodha latosha kuwa ushahidi. Hildebrand, baba, amesimama mbele ya adui ambaye ni mwanawe Hadubrand, na mwana hataki kusadiki kuwa huyu ni babaye. Watawa wawili wa Fulda waliliandika mnamo miaka ya 830 katika kurasa mbili zilizokuwa tupu, moja mwanzoni na moja mwishoni mwa kitabu cha dini. Limebaki mistari 68 tu, nalo limekatika katikati ya pambano. Kitabu hicho, kilichokuwa kikihifadhiwa Kassel, kilichukuliwa katika mwaka wa 1945 kikapelekwa Marekani. Karatasi moja ya shairi ilirudi katika mwaka wa 1955, na ya pili katika mwaka wa 1972. Mlango wa fasihi nzima ulikuwa karatasi mbili zilizonusurika kwa bahati.

Kuvipanga vitabu hivi katika mfuatano mmoja kulikuwa kazi ya karne ya 19. Georg Gottfried Gervinus alitoa, kati ya 1835 na 1842, historia kubwa ya ushairi wa Wajerumani. Wakati ule haikuwapo dola moja ya Ujerumani. Zilikuwapo falme na nchi ndogo nyingi, na dola moja haikupatikana mpaka 1871. Historia ya fasihi iliwaonyesha watu kuwa ni taifa moja kabla hawajawa na serikali moja. Wala mwandishi wake hakukaa mbali na magomvi ya zama zake. Katika mwaka wa 1837 yeye na wenzake sita wa Chuo Kikuu cha Göttingen, wakiwamo ndugu wawili Jacob na Wilhelm Grimm, walifukuzwa kazi kwa kumpinga mfalme wa Hannover alipoitangua katiba.

Mwaka huo huo Georg Büchner alikufa Zürich, akiwa na umri wa miaka 23. Alikuwa mkimbizi kutoka Hesse, kwa sababu ya waraka wa siri wa 1834 uliowafunulia wakulima jinsi kodi zao zilivyotumiwa. Aliacha mchezo ambao haukukamilika, juu ya askari maskini aliyemwua mpenzi wake. Ndugu yake Ludwig alipochapisha maandishi yake katika mwaka wa 1850, aliuacha mchezo huo kwa kuwa mwandiko haukusomeka. Karl Emil Franzos aliyatia makaratasi dawa ili wino uliofifia uonekane, akautia mchezo katika chapa yake ya 1879, lakini jina la askari akalisoma vibaya: aliandika Wozzeck mahali pa Woyzeck. Haukuchezwa jukwaani mpaka 1913, mjini Munich. Mtahiniwa wa mwaka wa 1860 asingeweza kuulizwa neno lolote juu ya mchezo huu. Mtahiniwa wa leo ni shida kuukwepa.

Hayo yalikuwa mambo ya bahati. Lakini yako pia mambo ya makusudi. Tarehe 10 Mei 1933 wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ujerumani walichoma moto vitabu vya waandishi waliochukiwa na serikali mpya. Erich Kästner, aliyekuwa na shahada ya udaktari katika fasihi ya Kijerumani, alisimama katika umati mjini Berlin akavitazama vitabu vyake mwenyewe vikiungua. Na wako walimu wa fasihi hiyo waliohutubu mbele ya moto. Jambo hili ndilo zito kuliko yote, maana waliopewa amana ya kuitunza orodha ndio waliosaidia kuikata. Katika mwaka wa 1966, kwenye mkutano wa Munich, wanavyuoni wa fasihi ya Kijerumani waliulizana hadharani juu ya mwenendo wa elimu yao katika miaka ile.

Haifuati kwamba mtahiniwa aidharau orodha. Asiyevisoma vitabu hana haki ya kuihukumu. Lakini kwa kila kitabu na ajiulize maswali mawili: kimefikaje hapa, na ni kipi ambacho hakikufika? Maswali haya hayapotezi wakati. Akitahiniwa juu ya Woyzeck, aliyekariri atasema onyesho fulani hufuata onyesho fulani. Aliyejua historia ya maandishi atasema kwamba Büchner aliacha rasimu kadhaa bila kukata shauri juu ya mpango wa mwisho, na kwamba mfuatano ulio katika kila chapa ni uamuzi wa mhariri. Wa kwanza ameisoma orodha. Wa pili ameielewa, na siku moja akiwekwa kuwa mtahini, ataweza kukabidhiwa.