Fidia ya majeraha kazini: Ya kujua kabla ya kutia saini

Mfanyakazi aliyeumia kiwandani, na ambaye bado anapokea ujira wake akiwa nyumbani akiuguza jeraha, wakati mwingine huletewa karatasi ya kutia saini hata kabla ya plasta kuondolewa mkononi. Karatasi hiyo humtaka akubali kiasi fulani cha fedha na kukiri kwamba hatadai zaidi. Kwa mtu aliye na kodi ya nyumba na karo ya watoto, fedha hizo huonekana nyingi. Lakini kupokea fidia ya ulemavu wa kudumu kunakomesha malipo aliyokuwa akipata kila mwezi, na ndiyo sababu suala hili lahitaji kueleweka mapema.

Mwongozo wa madai haya nchini Kenya ni Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ijulikanayo kwa kifupi kama WIBA, iliyoanza kutumika Juni 2, 2008. Sheria hiyo ilichukua mahali pa ile ya zamani ya fidia ya wafanyakazi, na ikaondoa desturi ya mfanyakazi kukimbilia mahakamani moja kwa moja kumshtaki mwajiri. Chama cha Mawakili nchini (LSK) kiliipinga, na mnamo Machi 2009 Mahakama Kuu ikaharamisha baadhi ya vifungu vyake. Mahakama ya Rufaa ilibatilisha sehemu kubwa ya uamuzi huo Novemba 2017, na Desemba 3, 2019 Mahakama ya Upeo ikaafikiana nayo. Hivyo basi, dai huanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, wala si kwa hakimu.

WIBA hutofautisha ulemavu wa muda na ule wa kudumu. Mfanyakazi ambaye jeraha limemzuia kabisa kufanya kazi kwa siku tatu au zaidi ana haki ya kulipwa kiasi sawa na mapato yake, kwa muda usiozidi miezi 12. Malipo haya hayafai kuchanganywa na likizo ya ugonjwa chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, ambayo kiwango chake cha chini ni siku saba za malipo kamili na siku saba za nusu malipo kwa mwaka. Mwajiri anayemhesabia aliyekatwa kidole na mashine siku 14 kisha akafunga mfuko anamnyima haki yake.

Haki ya malipo hayo ya muda hukoma mfanyakazi anapopona, anaporejea kazini, au anapopewa fidia ya ulemavu wa kudumu. Hapo ndipo penye mtego. Anayeharakisha kupokea fidia mwezi wa tatu, ilhali daktari angemweka nyumbani hadi wa tisa, huenda akapoteza mapato ya miezi sita. Tena huenda akakadiriwa kabla jeraha halijaonyesha athari zake kamili. Mkono ulioonekana kupona unaweza kubaki hauna nguvu ya kushika. Yafaa asubiri daktari athibitishe kwamba hali haitarajiwi kubadilika tena.

Fidia ya ulemavu wa kudumu hupigiwa hesabu kwa mapato ya miezi 96, yakizidishwa kwa asilimia ya ulemavu. Jedwali lililo katika sheria hiyo limeweka asilimia kwa kila aina ya jeraha. Kupoteza mikono yote miwili, au uwezo wa kuona, ni asilimia 100. Kwa mfano, mwendeshaji mashine anayepata Sh20,000 kwa mwezi na aliyekadiriwa ulemavu wa asilimia 15 atastahili Sh288,000. Hata hivyo, mapato si mshahara mtupu. Thamani ya chakula au makao anayopewa na mwajiri, pamoja na malipo ya ziada ya kawaida, huingizwa katika hesabu. Iwapo mwendeshaji huyo anaishi katika nyumba ya kampuni yenye thamani ya Sh4,000 kwa mwezi, fidia yake inapanda hadi Sh345,600. Tofauti ya Sh57,600 si haba, na ni rahisi kusahaulika pale anayejaza fomu ni mwajiri mwenyewe.

Fomu hiyo ni WIBA 1, ambayo mwajiri hujaza sehemu yake na daktari sehemu yake. Mwajiri anatakiwa kuripoti ajali kwa Mkurugenzi katika muda wa siku saba, au saa 24 iwapo kuna kifo. Dai lenyewe sharti liwasilishwe kabla ya miezi 12 kupita tangu siku ya ajali, kwa hivyo kusubiri uponaji kusiwe kisingizio cha kuchelewa kuliwasilisha. Kampuni ya bima ina siku 90 za kulipa baada ya dai kuwasilishwa. Fedha hupitia kwa Mkurugenzi, naye ana siku 30 za kumkabidhi mwenyewe.

Je, aliyekwisha kutia saini karatasi ya kuachilia haki zake? Sheria inasema makubaliano ambayo mfanyakazi anasalimisha mafao yake chini ya WIBA ni batili. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kuwasilisha pingamizi kwa maandishi. Mkurugenzi hujibu katika siku 14, na baada ya hapo kuna siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Leba.

Wengi huchanganya fidia hii na mafao ya ulemavu ya Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni (NSSF). Ya NSSF hutokana na michango ya mwanachama na mwajiri wake, na hulenga mtu ambaye daktari amethibitisha hawezi tena kufanya kazi kabisa. Chini ya sheria ya NSSF ya 2013, pensheni ya ulemavu huhitaji angalau michango ya miezi 36. Kwa hivyo aliyekadiriwa asilimia 15 chini ya WIBA asidhani tathmini hiyo pekee yatosha kumfungulia mlango wa NSSF.

Anayerejea kazini akiwa na ulemavu wa kudumu anaweza kujisajili katika Baraza la Kitaifa la Watu Walio na Ulemavu na kuomba msamaha wa kodi, ambao huhusu Sh150,000 za kwanza za mapato ya mwezi. Nayo fidia, hata ikilipwa yote, haivunji mkataba wa kazi. Mwajiri anayetaka kumwachisha mtu kwa sababu ya hali ya mwili wake sharti kwanza amweleze sababu hizo kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama, na asikilize majibu yao.