Si 'uvuvi wa nzi': Neno linapompotosha mnunuzi

Majuzi mwanafunzi wangu mmoja aliniletea tafsiri ya tangazo la duka la zana za uvuvi. Humo alikuwa ameandika 'uvuvi wa nzi'.

"Hebu niambie," nikamuuliza, "huyo nzi anavua au anavuliwa?"

"Mwalimu, si ndivyo Kiingereza kinavyosema?"

Hapo ndipo penye tatizo. Uvuvi wa dagaa ni kuvua dagaa, na uvuvi wa pweza ni kuvua pweza. Basi kwa sikio la Mswahili, uvuvi wa nzi ni kuvua nzi!

Tulicheka, ila mimi mwenyewe kosa hilo liliwahi kunitoa pesa. Miaka kadhaa iliyopita niliingia duka moja nikiwa na neno 'nzi' kichwani. Nikachagua nzi bandia wa kila rangi, kisha ufito wa kumetameta. Mwuzaji akanitilia uzi wowote tu wa nailoni, nami nikaridhika. Nilipofika mto Gura, kule Nyeri, kila nikirusha, nzi alianguka miguuni pangu. Mzee mmoja aliyekuwa akinitazama kutoka ng'ambo akaniambia, "Kijana, wewe umenunua fimbo. Mshipi je?"

Mzee alisema kweli. Katika uvuvi wa kawaida, uzito wa chambo au wa chubwi ndio unaouvuta mshipi majini. Huku mambo ni kinyume. Nzi bandia ni manyoya na nyuzi zilizofungwa kwenye ndoana, hana uzito wa kutajika. Kinachorushwa hasa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na mzito, naye nzi hufuata tu.

Wahenga wa uvuvi huu hawakuhitaji kuambiwa hayo. Kitabu cha Kiingereza kilichochapishwa mwaka wa 1496 kinamfunza msomaji kuchonga ufito, kusokota mshipi kwa singa za mkia wa farasi, kupinda sindano ziwe ndoana, na kufunga nzi 12. Aliyesokota mshipi kwa mkono wake aliujua uzito wake. Kufikia 1653, Izaak Walton katika The Compleat Angler anamwelekeza mwanafunzi wake kwa wenye maduka wawili jijini London. Ujuzi ulianza kuhama kutoka kwa mvuvi kwenda kwa mwuzaji. Mnunuzi akabaki na maneno tu, na maneno yakipotoka, mfuko nao unapotoka.

Ndiyo maana mwaka wa 1961 watengenezaji wa zana nchini Marekani walikubaliana kuipa mishipi nambari kulingana na uzito wa futi 30 za mwanzo. Nambari 5, mathalani, ni gramu 9 hivi. Ufito nao huandikwa nambari ya mshipi unaoufaa.

Kwetu Kenya, uvuvi huu uliingia na walowezi. Mnamo 1905, Ewart Grogan alileta mayai ya samaki aina ya trauti kutoka Uskoti, wakatiwa katika mto uo huo wa Gura. Leo mafundi Wakenya hufunga nzi bandia wanaouzwa Ulaya na Marekani. Kazi tunaifanya sisi, lakini jina tunaliazima bila kulipima.

Ilhali Kiswahili kina hazina yake. Kamusi zetu zinatuambia kuwa mshipi si wa kiunoni pekee, bali pia ni uzi wa kuvulia. Wavuvi wa pwani huuita uvuvi wao kwa jina la mshipi, si la chambo. Kwa kuwa 'uvuvi wa mshipi' tayari una wenyewe, napendekeza huu tuuite 'uvuvi wa kurusha mshipi'.

Jina hilo lenyewe ni mwongozo dukani. Anza na mshipi. Kwa mito midogo ya milimani, nambari 4 au 5 inatosha. Kisha tafuta ufito wa nambari iyo hiyo. Gurudumu la kukunjia mshipi lisikufilisi, kwani kwa samaki wadogo kazi yake kubwa ni kuuhifadhi tu. Nzi waje mwisho, tena wachache. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na dukani hakuna kinachojitembeza kama nzi wa rangi.

Mwanafunzi wangu ameshalisahihisha tangazo lake. Mimi ufito wangu bado uko nyuma ya mlango, unangoja mshipi.