Mashine Zilikuja, Laini Ikabaki Nyuma

Wasee, panda matatu za Kabiria wiki moja tu, lazima utakaa na mtu ameshika ile bahasha kubwa ya kaki. Ndani kuna picha ya eksirei ama CT. Imepigwa hospitali moja, itasomwa nyingine, na nauli ya hiyo picha analipa mgonjwa. Sasa si tuliambiwa intaneti ya kasi ilifika kitambo?

Ilifika, kweli. Piga hesabu. Kipande kimoja cha picha ya CT ni kama nusu MB. Skani ikiwa na vipande 500, hiyo ni MB 250. Kabla ya 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kufikia dunia, na laini ya kilobiti 64 kwa sekunde haikuwa kitu cha kucheka. Kwa laini hiyo, skani moja inapita kwa karibu masaa 9. Mtu amegongwa kichwa, damu inavuja ndani, eti angoje masaa 9?

Juni 2009 kebo ya TEAMS ikafika Mombasa, SEACOM ikawashwa Julai. Kwa megabiti 10, skani ileile ni dakika 3 na kitu. Yaani shida ilitoka baharini, ikahamia kwa ukuta wa hospitali.

Halafu 2015 serikali ikaanza mradi wa kukodisha vifaa, MES. Hospitali 98, mbili kila kaunti na nne za kitaifa. Mashine za picha zikatoka GE. Pesa: bilioni 38 hivi. Sawa, lakini mkataba wa mfumo wa kompyuta wa kuunganisha hizo hospitali ulisainiwa 2017, karibu bilioni 5, na baadaye wizara ikauvunja. Kumbuka madaktari wa kusoma hizo picha ni wachache, na wengi wako miji mikubwa. Mashine bila laini ni kamera tu, tena ya bei. Zingine hata kamera hazikuwa: Seneti ilipochunguza, kuna zilizopatikana zimekaa tu, hakuna umeme, hakuna wa kuziendesha.

Na wakituambia hospitali ina Wi-Fi, hiyo si jibu. Sisi tunapima kasi ya kupakua, juu ni ya kutazama video. Hospitali inahitaji kasi ya kupakia. Siku MCA atakuja kukata utepe wa mashine mpya pale Mutuini, kabla ya selfi muulizeni: kupakia ni megabiti ngapi, na bili ya mwezi inalipwa na nani?