Skuli, Shule na Masomo

Aghalabu mtu akisikia neno asilolizoea katika kinywa cha Mswahili mwenziwe, husema papo hapo, "Huyu hajui lugha." Mimi naona ni heri tuulize kwanza neno hilo limetoka wapi. Mara nyingi tutakuta kwamba si kosa la msemaji, bali ni historia ya mahali alikokulia.

Tuchukue neno ambalo kila mwalimu analo. Mtoto wa Unguja huenda skuli. Mtoto wa Tanga au Dodoma huenda shule. Huko Lubumbashi, nchini Kongo, husema anakwenda masomo. Zamani watu wa mwambao walikuwa na chuo, ambapo watoto walisomeshwa Kurani; na neno hilohilo lilikuwa pia na maana ya kitabu.

Kwa nini basi Unguja na bara zikaachana katika jambo dogo kama hili? Mwaka 1890 Unguja iliwekwa chini ya himaya ya Waingereza, na kutoka kwao likaja neno skuli. Ng'ambo ya pili Wajerumani walikuwa wakitawala. Katika miaka hiyo ya 1890 walifungua shule ya serikali Tanga, ili wapate makarani na watumishi wengine wa utawala wao. Neno lao Schule likavishwa kanzu ya Kiswahili, likawa shule. Hela nayo ilikuja kwa njia hiyo: Heller ni sarafu waliyoileta mwaka 1904, mia moja kwa rupia. Wajerumani waliondolewa kwa vita, sarafu yao ikafa, lakini watu wa bara wanazitafuta hela mpaka leo.

Kisha ukaja usanifishaji. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu na shule, si Kimvita, ingawa mkutano ulikaa nyumbani kwa Kimvita. Mwaka 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, na mwaka 1939 ikatoka kamusi ya Frederick Johnson. Tangu hapo ndia ikaandikwa njia, mato yakawa macho, mtele ukawa mchele, na nswi akabaki samaki tu. Maneno yale hayakuachwa kwa ubovu. Yalikuwa yametungiwa mashairi kabla mkutano huo haujafikiriwa.

Lakini tazama ajabu hii. Ikiwa Kiunguja ndicho msingi, ilipasa sote tuseme skuli. Haikuwa hivyo. Neno la bara ndilo lililoenea, hata Kenya, ambako Waingereza ndio waliojenga serikali. Kwa hiyo hicho tukiitacho sanifu nacho ni mchanganyiko, na hakuna mji unaoweza kudai kwamba maneno yote ni yake.

Nayasema haya kwa sababu ya mtoto mmoja kutoka Pemba aliyehamia shule ya bara. Aliandika katika insha kwamba mama yake alimtuma sokoni kununua tungule na mbatata. Mwalimu akayakata maneno yote mawili kwa wino mwekundu, akaandika juu yake nyanya na viazi, kisha akaisoma sentensi ile mbele ya darasa. Darasa likacheka. Kwa muda mrefu baada ya siku hiyo mtoto yule hakunyosha mkono, naye ndiye aliyekuwa na Kiswahili kipana kuliko wenzake wote.

Sisemi tuitupe lugha sanifu. Imetuwezesha kusoma kitabu kimoja kutoka Mombasa hadi Songea, na mtihani una kanuni zake. Lakini kumwongezea mtoto neno la pili ni kazi moja, na kumwaibisha kwa neno la kwanza ni kazi nyingine kabisa. Walimu wanafunzi niliwaambia daima: andika ubaoni tungule, andika na nyanya kando yake, kisha mwulize mtoto kwao ni wapi. Darasa zima litajifunza neno jipya, na pengine na historia kidogo.