Nusu Saa Juu ya Mikoko

Tangu kale, mwendo wa baina ya Mafia na delta ya Rufiji haukupimwa kwa maili. Nahodha aliupima kwa pepo na maji: akiufikia mlango wa Simba Uranga maji yamekupwa, hulazimika kutia nanga na kungojea yajae. Kwa mwendo huo ndipo boriti za mikoko ya Rufiji zilipofika Unguja kubeba dari za nyumba za mawe.

Vita vya 1914 vilileta kipimo kingine. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba mwaka huo, manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyotoka katika delta, iliipiga Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja, nayo ikazama. Mabaharia waliokufa wakazikwa kisiwani Chapwani. Königsberg ikarudi mikokoni, mtambo wake umeharibika. Vipande vya mtambo huo vikakokotwa na Waafrika hadi Dar es Salaam kutengenezwa, na vikarudishwa vivyo hivyo; zaidi ya kilomita 100 kwenda, na kama hizo kurudi.

Manowari za Kiingereza zilizokuwa baharini hazikuweza kuiona shabaha yao nyuma ya mikoko. Mwezi Novemba 1914, rubani Dennis Cutler aliruka kutoka kisiwa kidogo cha Nyororo. Safari ya kwanza alipotea. Baadaye akaiona meli. Desemba ndege yake ilianguka deltani, naye akatekwa.

Januari 1915 Waingereza waliitwaa Mafia, na baadaye wakatengeneza huko kiwanja cha ndege. Kutoka hapo hadi ilipojificha meli palikuwa na kilomita 50 hivi. Kwa ndege za siku zile, nusu saa. Shambulio la tarehe 6 Julai halikufaulu. Tarehe 11, meli za Severn na Mersey zilipiga tena, zikielekezwa kutoka angani. Ndege ya Cull na Arnold ilipigwa, lakini hata ilipokuwa ikishuka, Arnold aliendelea kupeleka habari kwa simu ya upepo. Wote wawili waliokoka, Königsberg ikaangamia.

Hata hivyo mizinga yake ilitolewa majini, ikakokotwa barani, na vita havikwisha hadi Novemba 1918. Vitabu vimehifadhi majina ya manahodha na marubani. Waliovuta kamba na kubeba vyuma hutajwa kwa jumla tu, kama wanyama wa mizigo.

Leo ndege ya kutoka Dar es Salaam hutua Mafia kwa muda wa nusu saa hivi, na kukiwa kweupe abiria huweza kuiona delta kwa mbali, kijani kitupu. Chini yake, katika wilaya ya Kibiti iliyomegwa kutoka Rufiji, mwenye mtumbwi angali akingojea maji yajae. Nusu saa ni kweli ya aliye juu. Kweli ya aliye chini bado haijaandikwa.